Usaili wa Kuingia Chuo cha Udaktari: Mwongozo Kamili kwa Mwombaji wa Mtwara na Lindi

Jua kwanza kama usaili upo, na ni wa aina gani

Vyuo vikuu vingi vya hapa nchini huchukua wanafunzi wa udaktari kwa ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia, au kwa stashahada ya utabibu kwa wanaojiendeleza. Unaomba, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inahakiki, majina yanatoka. Hakuna anayekuita kukuuliza kwa nini unautaka udaktari. Usaili unakuja ukiomba chuo cha nje, ukiomba ufadhili, au taasisi ikitaka kukusomesha kwa makubaliano kwamba utaitumikia baadaye. Ndiyo maana kijana wa Newala au Nachingwea mwenye alama nzuri kabisa anaweza kufika mbele ya wasaili bila kuwahi kusailiwa hata mara moja, akashindana na wenzake waliofundishwa jambo hilo shuleni kwao. Pengo hilo linazibika, ila si kwa usiku mmoja. Tenga wiki sita.

Mwaliko ukifika, usome mara mbili ukiwa na kalamu mkononi. Andika pembeni: ni jopo au vituo, ni mtandaoni au ana kwa ana, ni dakika ngapi, ni kwa lugha gani, na saa zilizotajwa ni za nchi gani. Jambo lolote lisilotajwa, waandikie uulize. Kuuliza hakukupunguzii alama, na waombaji wengi huumia kwa kuogopa kuuliza.

Usaili wa jopo una watu wawili hadi wanne wanaokaa na wewe kwa dakika 20 hadi 40. Wanaifuata fomu yako mstari kwa mstari, kwa hiyo kila ulichokiandika lazima uweze kukizungumzia. Uliandika kwamba ulikuwa mwenyekiti wa klabu ya sayansi? Watakuuliza klabu ilifanya nini, nani hakukubaliana na wewe, mkamalizaje.

Usaili wa vituo, unaojulikana kwa herufi MMI (Multiple Mini Interview), ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza vinautumia. Mara nyingi unapita vituo 6 hadi 10. Unasoma karatasi ya swali kwa dakika moja au mbili, unaingia, unazungumza kwa dakika 5 hadi 8, kengele inalia, unahama. Kila kituo kina msaili wake na alama zake, ili mtu mmoja aliyekupenda au kukuchukia asiamue hatima yako peke yake. Utumie utaratibu huo kwa faida yako: ukiharibu kituo cha tatu, msaili wa kituo cha nne hajui lolote. Wengi wanaoanguka kwenye vituo hawaangushwi na kile kimoja kibaya, bali na kukibeba kichwani hadi kinaharibu vitatu vinavyofuata.

Wanachokipima

Alama zako za mtihani wanazo tayari. Hawakuiti ili wajue kama unakumbuka hatua za mgawanyiko wa seli, wala hawategemei ujue kutibu. Wanataka kusikia unavyofikiri hadi ukafika kwenye uamuzi, kuona unavyomsikiliza mtu mwenye shida, kujua kama kazi yenyewe unaijua au umeipenda kwa mbali, na kuona unavyokuwa ukikosolewa. Kutumia wiki sita hizo kusoma vitabu vya tiba ni kupoteza muda.

Kusanya malighafi kabla ya kuandika jibu lolote

Majibu mengi ya usaili hayana makosa, yana utupu tu. "Napenda kusaidia watu," "natoka eneo lenye shida ya madaktari." Msaili ameyasikia hayo tangu asubuhi. Jibu linalosimama lina mahali, lina mtu, na lina kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Kwa hiyo kazi ya wiki mbili za mwanzo ni kwenda kuona.

Anza na zahanati au kituo cha afya cha karibu. Hospitali kubwa kama Ligula, Sokoine, Mkomaindo, Ndanda au Nyangao zina taratibu zao na watu wengi wanaoomba nafasi, ilhali zahanati ya kijiji inaweza kukupokea haraka zaidi na utaona mengi kwa karibu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi. Taja jina lako, shule uliyomaliza, siku unazoomba, na kazi unayoweza kufanya bila kuwa mzigo: kupanga foleni asubuhi, kubeba mafaili, kusaidia siku ya kliniki ya watoto chini ya uangalizi wa muuguzi. Malizia kwa kuahidi kutunza siri za wagonjwa. Ambatanisha barua ya utambulisho kutoka shuleni au serikali ya kijiji au mtaa. Omba siku kadhaa zilizotawanyika badala ya siku mbili za mfululizo, maana siku ya kliniki ya watoto, siku ya wajawazito na Jumatatu yenye foleni ndefu hazifanani hata kidogo.

Kila jioni andika nusu ukurasa kwenye daftari, bila jina la mgonjwa wala kitu kinachoweza kumtambulisha. Nani alifanya nini leo? Nini kilikwama, na kwa sababu gani? Mgonjwa aliondoka akiwa ameelewa nini? Mimi ningefanya nini kwa namna nyingine? Swali la tatu ndilo lenye hazina. Ukimsikiliza mgonjwa akimweleza ndugu yake nje ya mlango alichoambiwa ndani, utagundua mara ngapi maelezo ya mtaalamu hayakufika. Mwombaji anayeweza kuzungumzia hilo kwa tukio aliloliona ana kitu ambacho kitabu hakimpi mtu.

Kisha chagua tatizo moja la afya la huku kwetu ulijue hadi chini. Moja tu. Chukua matende na mabusha. Ni ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na mbu. Kingatiba inayogawiwa kwa jamii ni ivermectin na albendazole, na lengo ni kupunguza vimelea ndani ya damu ya watu wengi ili mbu wakose cha kusambaza. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu mtu ambaye haumwi anaombwa kumeza dawa kwa ajili ya jirani yake, na baadhi hukataa. Busha lenyewe huondolewa kwa upasuaji, lakini aibu humfanya mwanaume akae nalo miaka. Ukiweza kulizungumza hilo kwa dakika tatu, sayansi yake, watu wake na huduma yake, umejibu swali la afya ya jamii mbele ya jopo lolote duniani.

Au chukua salfa. Mikorosho hupuliziwa ili kuzuia ubwiriunga, na vumbi lake huwasha macho na kifua cha anayepulizia na cha walio karibu. Jiulize ungemshauri nini mkulima ambaye hawezi kuacha kupulizia kwa sababu korosho ndiyo ada ya watoto wake. "Aache" si ushauri. Fikiria upepo na saa ya kupulizia, kitambaa au barakoa, miwani, kuoga na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, kuwaweka watoto mbali na shamba siku hiyo. Majibu ya namna hii huonyesha kwamba unamwona mgonjwa akiwa na maisha yake yote, hata baada ya kutoka kwenye chumba cha daktari.

Ujue pia ngazi za huduma: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda iliyopo Mtwara, kisha Muhimbili. Ujue tofauti ya tabibu, daktari, muuguzi na mteknolojia wa maabara, na kwamba mhudumu wa afya ngazi ya jamii hufika nyumbani kwa watu kabla ya hao wote. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Uwe na la kusema juu ya nani inamgusa na kikwazo gani kinaweza kuikabili kijijini.

Tahadhari moja. Usiielezee Kusini kama mahali pa kuhurumiwa. Mwombaji anayetumia dakika zake kusimulia umaskini wa kwao humwacha msaili na huruma, na huruma haina sehemu kwenye karatasi ya alama. Eleza uliloliona, ulilolifanya, ulilojifunza.

Swali la "kwa nini udaktari"

Hili litaulizwa, na mara nyingi litafuatiwa na pigo la pili: kwa nini usiwe muuguzi, au tabibu, au mfamasia? Nao wanasaidia watu. Jibu lako lazima lionyeshe unachokitaka ndani ya kazi ya daktari hasa: kubeba uamuzi wa mwisho juu ya ugonjwa na tiba, kuunganisha dalili zisizoeleweka, kukaa na sayansi na mtu kwa wakati mmoja. Na ujibu bila kumshusha muuguzi hata kwa neno moja. Ukisema muuguzi "anafuata maagizo tu" umejiharibia, kwani huenda aliyekaa mbele yako ni muuguzi.

Panga jibu hivi: kilichokuvuta mwanzo, kwa sentensi mbili; ulichokwenda kukifanya ili kuthibitisha kwamba si ndoto, kwa sentensi nne au tano, na hapa ndipo daftari la zahanati linapotumika; ulichokiona kigumu katika kazi hiyo; na kwa nini bado unaitaka. Dakika mbili zinatosha, yaani maneno kama 250 ya Kiingereza kwa mwendo wa utulivu. Usisahau ugumu. Shahada ni miaka mitano hapa kwetu na mwaka mmoja wa utarajali, kisha zamu za usiku, wagonjwa wanaokufa, ndugu wenye hasira. Asiyeutaja ugumu anaonekana hajaufikiria.

Watakuuliza pia kama utarudi kufanya kazi Mtwara au Lindi. Usiape kiapo ambacho hujakipima. Sema unachokikusudia na sababu zake, na useme pia ni nini kingekufanya ubaki: vifaa, mwenzako wa kushauriana naye, nafasi ya kujiendeleza. Jibu la kweli lenye masharti yanayoeleweka linaaminika kuliko ahadi ya moto.

Maswali ya maadili

Hapa watu huangushwa na haraka ya kutoa hukumu. Unapewa mkasa, na kabla msaili hajamaliza umeshasema "ningemwambia mzazi." Hukumu yenyewe ina uzito mdogo. Alama kubwa ziko kwenye njia uliyoipita kufika hapo. Shika mizani nne ambazo vyuo vya udaktari hufundisha: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki kwa wote. Usizitaje kama mashairi ya kukariri, zitumie.

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 16 amekuja peke yake kituo cha afya anataka kupima VVU, na anaomba mama yake asijue. Mama huyo ni rafiki wa mhudumu wa mapokezi. Ufanyeje?

Anza kwa kutaja unachohitaji kujua: kwa nini amekuja leo, yuko salama nyumbani, kuna mtu aliyemlazimisha au kumdhuru? Hayo yanabadili kila kitu. Kisha sheria: tangu marekebisho ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Kama hukuijua sheria hiyo, sema wazi kwamba ungeuliza mkubwa wako wa kazi, na hilo ni jibu halali kabisa. Kisha siri: binti akihisi habari zitavuja hatarudi kuchukua dawa ikiwa ana maambukizi, na hapo amedhurika yeye na wengine. Kwa hiyo mhudumu wa mapokezi lazima akumbushwe wajibu wake. Kisha msaada: unaweza kumshauri binti atafute mtu mzima anayemwamini bila kumlazimisha. Mwisho taja mpaka wa siri. Ikibainika anafanyiwa ukatili, ulinzi wake unatangulia, na unamweleza hivyo yeye mwenyewe kabla ya kuwahusisha wengine.

Msaili atakusukuma. "Na mama yake akija analia, anataka kujua?" Usibadili msimamo kwa sababu tu mkubwa ameuliza kwa ukali. Rudi kwenye sababu zako, uone kama habari mpya inazigusa. Ikizigusa, badilika na useme kwa nini. Isipozigusa, baki pale ulipo kwa upole. Kwa kijana aliyelelewa kutobishana na wakubwa, hili linahitaji mazoezi ya makusudi: mwombe anayekusaili nyumbani akupinge kila mara, hata ukiwa sahihi.

Kituo cha igizo

Unaingia, mbele yako kuna mwigizaji. Karatasi inasema: mama amemleta mtoto aliyepata degedege usiku, kwanza alimpeleka kwa mganga wa jadi, amechelewa, mtoto sasa anatibiwa wodini, zungumza na mama. Kosa kubwa ni kuanza somo la malaria. La pili ni kumlaumu. Kituo hiki kinapima kama mama huyu kesho atamleta mtoto mapema zaidi.

Salamu kwanza. Kama anakuzidi umri, shikamoo, na usiiharakishe. Jitambulishe kwa jina na kazi uliyopewa kwenye karatasi. Kaa, usisimame juu yake. Kisha kitu kama: "Pole sana na usiku huu, mama. Mtoto yuko na wataalamu sasa hivi. Naomba unisimulie ilivyokuwa tangu mwanzo." Halafu nyamaza. Sekunde saba za ukimya zinauma kwa asiyezoea, lakini ndani yake mama husema jambo ambalo hukumuuliza.

Akisema alikwenda kwa mganga kwa sababu wakwe zake walisema ni shetani, usicheke, usikunje uso. "Nimekuelewa, ulitaka apone, ukafanya ulichoshauriwa." Unakubali hisia yake bila kukubali kwamba njia ilikuwa sahihi. Ndipo umuulize anachojua mwenyewe kuhusu degedege, kabla ya kumweleza chochote. Maelezo yako yawe mafupi: homa kali na malaria vinaweza kumtingisha mtoto hivyo, na kila saa ina uzito, kwa hiyo safari nyingine zahanati iwe ya kwanza. Mwombe akurudishie kwa maneno yake mwenyewe, kisha muulize ana swali gani. Kama anataka kujua mtoto atapona au la, usimhakikishie usilolijua. Mwambie utamwita anayemtibu aje kuzungumza naye.

Hata usaili ukiwa kwa Kiingereza mpangilio ni huohuo: pole, swali la wazi, ukimya, kukubali hisia, maelezo mafupi, kuhakiki ameelewa. Fanya igizo hili angalau mara tano na watu tofauti. Mmoja wao awe mwenye hasira na mwingine asiyetaka kuongea kabisa.

Namba na chati

Baadhi ya vyuo huweka kituo cha hesabu fupi. Mtoto ana kilo 12, anahitaji paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5. Dozi ni 15 × 12, yaani miligramu 180. Gawa 180 kwa 120 upate 1.5, zidisha kwa 5: mililita 7.5. Wanaokosea huwa wamechanganya miligramu na mililita, kwa hiyo tamka kipimo kila unapotamka namba, kisha jipime kwa akili ya kawaida: 180 ni moja na nusu ya 120, na 7.5 ni moja na nusu ya 5, basi inakaa sawa. Ongea huku unakokotoa. Aliyekosea namba ya mwisho kwa njia sahihi hupata sehemu ya alama; aliyekaa kimya hapati kitu.

Kwa chati, soma kichwa, mihimili na vipimo kabla ya kusema lolote. Tuseme zahanati ilipima malaria watu 240 mwezi wa kwanza, 60 wakakutwa nayo. Mwezi wa pili ikapima 400, wakakutwa 80. Wagonjwa wameongezeka, lakini kiwango kimeshuka kutoka asilimia 25 hadi 20. Eleza yote mawili, toa maelezo mawili yanayowezekana, na useme ni taarifa gani ungehitaji ili uchague kati yake.

Lugha na macho

Kiingereza huwatia hofu wengi kuliko swali lenyewe. Dawa yake ni sentensi fupi. Usitunge kwa Kiswahili kichwani ndipo utafsiri. Sentensi inarefuka na unapotea katikati. Kila siku kwa wiki sita, zungumza Kiingereza kwa sauti dakika 15, ukieleza kitu cha kawaida: foleni ya zahanati, namna korosho inavyobanguliwa, mgogoro wa bwenini ulivyokwisha. Jirekodi kwa simu, usikilize siku inayofuata. Utasikia mwenyewe unapokimbia na unapomeza mwisho wa neno. Hujasikia swali? Omba lirudiwe. Unahitaji kufikiri? Omba nusu dakika. Yote mawili ni adabu.

Huku kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa, na hiyo ni heshima. Msaili wa nchi nyingine anaweza kuisoma kama woga au kuficha jambo. Ukiona vigumu kumtazama mtu machoni, tazama katikati ya nyusi zake, hatajua tofauti. Kwenye jopo, mtazame aliyeuliza unapoanza, wagawie wengine macho katikati, umalizie kwake.

Wiki nne zilizobaki

Mbili za mwanzo ni za zahanati na daftari. Ya tatu, andika vidokezo vya maswali kumi makuu kwenye kadi, maneno matano kila kadi, si majibu kamili. Jibu lililokaririwa hujulikana kwa sekunde kumi: sauti inakuwa ya kusoma, macho yanapanda juu, na swali likigeuzwa kidogo mtu anajibu lile alilojiandalia. Wiki ya nne na ya tano ni usaili wa majaribio, mara tatu kwa wiki, kwa saa ya simu inayolia. Tafuta wasaili wasiofanana: mwalimu wa Biolojia, muuguzi au tabibu, na mtu mzima asiyekufahamu. Mama na shangazi watakusifu. Wanakupenda, lakini si wa kazi hii. Baada ya kila zoezi waulize swali moja: ni wapi uliacha kuniamini? Wiki ya mwisho punguza, lala mapema, pitia daftari.

Usaili wa mtandaoni kutoka huku

Saa ndiyo mtego wa kwanza. Uingereza wakati wa baridi iko nyuma yetu saa tatu, na kipindi cha joto saa mbili. Rwanda na Afrika Kusini ziko nyuma saa moja. Usaili wa 10:00 London mwezi Januari ni 13:00 hapa, yaani saa saba mchana. Wapo wanaoisoma 10:00 kama saa kumi, wakafungua kompyuta jioni wakati mambo yamekwisha. Andika saa ya kwao, ya kwetu kwa tarakimu na ya Kiswahili kwenye karatasi moja, ibandike ukutani.

Vyuo vya Uingereza husaili zaidi kati ya Desemba na Machi, ambao ni msimu wetu wa mvua. Mvua kwenye bati inafuta kila neno. Tafuta chumba chenye dari, ofisi ya shule au ya parokia, madrasa isiyo na kipindi, kwa mtu unayemfahamu, ukakijaribu siku na saa ileile wiki moja kabla. Kompyuta ijae chaji, simu ya pili iwe na bando la mtandao mwingine, na programu ya mkutano iwe imeshafunguliwa kwenye zote mbili. Umeme ukikatika unahamia kwenye simu bila kupaniki. Weka kamera usawa wa macho kwa kuinua kompyuta juu ya vitabu, dirisha liwe mbele yako. Weka pia namba au barua pepe ya chuo kwenye karatasi, ili ukikatika uwaandikie ndani ya dakika mbili.

Ukiwa umefunga Ramadhani na una hiari ya kuchagua, omba muda wa asubuhi. Ukipangiwa Ijumaa adhuhuri, omba mapema kubadilishiwa. Omba kwa barua ya mistari mitatu, siku mwaliko unapofika.

Usaili wa ana kwa ana

Kama ni Dar es Salaam wakati wa mvua, ondoka siku mbili kabla. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama. Nguo ziwe safi na rahisi: shati jeupe lililopigwa pasi, suruali au sketi ya rangi iliyokolea, viatu vilivyofungwa. Hijabu ya rangi moja, ibanwe vizuri isihitaji kurekebishwa katikati ya jibu.

Vyeti halisi na nakala viwe kwenye bahasha moja: kidato cha nne, kidato cha sita, kuzaliwa, kitambulisho au pasipoti. Linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Hassani na cha shule Hassan, au jina la babu likikosekana, nenda kwa wakili ukapate hati ya kiapo wiki kadhaa kabla. Mtu yeyote akikuomba pesa ili "usaili upite," achana naye na uwasiliane na chuo moja kwa moja. Chuo cha nje hakikisha kinatambuliwa na TCU, na uulize Baraza la Madaktari Tanganyika masharti ya usajili kwa atakayerudi na shahada yake.

Baada ya kutoka

Andika maswali uliyoulizwa kwa matumizi yako mwenyewe, lakini usiyatume kwenye makundi ya simu. Vyuo vingi hukataza, na mwombaji anaweza kuondolewa. Angalia barua pepe kila siku, pamoja na folda ya barua taka. Ukiitwa JKT katika kipindi hicho, waeleze chuo mapema kwamba huenda hutashika simu upendavyo, na uwaachie mawasiliano ya mzazi au mlezi anayeweza kukufikia.

Usisubiri jibu la nje ukaacha dirisha la maombi la hapa nchini lifungwe. Omba kote. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hapa, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu ndani ya muda uliopangwa. Laini ya simu uliyojisajilia ndiyo itakayopokea ujumbe huo, kwa hiyo usiibadili wala usimpe mtu mpaka usajili ukamilike.